Mtoto Hakutoka: Mwanga, Kipimo na Usafishaji katika Picha za Watoto Wachanga wa Mbeya na Iringa

Katika Kiswahili cha kila siku kamera haimkamati mtu. Mtu ndiye atokaye katika picha. Husemwa kwamba fulani ametoka vizuri, fulani ametoka mweusi mno, na penye hasara kubwa zaidi husemwa tu kwamba hakutoka. Kitenzi hiki hakina nafasi ya mpiga picha wala ya chombo chake. Mtendaji ni yule aliye mbele ya lenzi, hata kama mtendaji huyo ana umri wa siku 3, amefumba macho, na hana habari ya mwanga wala ya giza. Mama wa Mbeya au wa Iringa aliyefungua bahasha ya picha, akakuta shali jeupe limeonekana uzi kwa uzi na ndani yake pana doa jeusi badala ya uso, aliambiwa kwamba mtoto hakutoka. Aghalabu hakuuliza zaidi, kwa maana lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kukata shauri.

Historia ya picha za watoto wachanga katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania yaonyesha kwamba shauri hilo lilikatwa kwa haraka. Kosa halikuwa la mtoto, wala halikuwa siku zote la mpiga picha. Kwa sehemu kubwa lilikuwa katika kipimo: mabamba, filamu, mashine na karatasi vilipimwa kwa ngozi nyingine na kwa nyumba nyingine, kisha vikatumiwa katika nyumba za Rungwe na Kalenga kana kwamba mwanga ni mmoja duniani kote. Na kwa kuwa maneno ya kazi hii yalikua pamoja na vyombo vyake, maneno hayo nayo ni ushahidi, na mtafiti wa lugha hana budi kuyahoji kama mwanahistoria anavyozihoji hati.

Miongoni mwa picha za mwanzo za watu wa nyanda hizo hazimo za studio. Wamisionari wa Kimoravia na wa Berlin walifika kaskazini mwa ziwa Nyasa mwaka 1891. Ngome ya Wajerumani ya Iringa ilianzishwa mwaka 1896, na vita vya Wahehe vilipoa baada ya kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Katika miaka hiyo hiyo Friedrich Fülleborn, tabibu wa jeshi la Wajerumani, alipiga picha nyingi katika nchi za Nyasa na Ruvuma. Mwaka 1902 alitoa kitabu juu ya maumbile ya miili ya watu wa kaskazini mwa Nyasa, na mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi na watu wake, pamoja na juzuu ya picha. Katika kazi ya kwanza mwili wa mtu ni kitu cha kupimwa kwa mbele na kwa ubavu, na picha imewekwa pamoja na tarakimu. Wamisionari walikuwa na nia nyingine, nao waliwapiga picha akina mama pamoja na watoto wao ili wazitume Ulaya kwa wafadhili. Katika namna zote mbili mtazamaji aliyekusudiwa alikuwa mbali, na jamaa wa mtoto hawakuwa wateja. Jambo hili si dogo. Mteja ndiye mwenye haki ya kurudisha picha na kusema kwamba si nzuri, na kwa muda mrefu mteja huyo hakuwapo.

Kwa upande wa ufundi, mtoto mchanga alikuwa mgumu kila mahali. Katika studio za Ulaya za karne ya 19 picha ilihitaji sekunde nyingi, na mama alilazimika kumshika mtoto huku yeye mwenyewe amefunikwa nguo mfano wa kiti, asionekane. Bamba kavu la jelatini, ambalo Richard Maddox alilieleza mwaka 1871, lilipunguza muda huo sana. Lakini mabamba ya zamani yalikuwa na kasoro moja ambayo wenyeji wa Afrika walilipia zaidi kuliko wengine. Yalihisi mwanga wa buluu, na nyekundu hayakuihisi kabisa. Hermann Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba rangi zikitiwa katika bamba zaweza kulifundisha kuona kijani, na mabamba yanayoona rangi zote yalianza kuuzwa madukani mwaka 1906. Hata hivyo yale ya zamani yaliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Sasa ngozi ya kahawia hurudisha wekundu kwa wingi na ubuluu kwa uchache, na ngozi ya kichanga, wa taifa lo lote, huwa na wekundu wa damu iliyo karibu. Bamba lisiloona nyekundu liliuona uso huo kuwa mweusi kuliko macho yalivyouona. Mtoto alikuwapo, na mwanga wake ulikuwapo. Bamba ndilo lililokuwa pofu.

Tena iko habari ya nyumba. Nyanda za juu ni nchi za baridi: mji wa Iringa uko juu ya bahari yapata mita 1,600 na Mbeya yapata mita 1,700, na katika Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Nyumba ya namna hiyo hujengwa izuie upepo, na madirisha yake huwa madogo. Humo ndimo mzazi na kichanga hukaa, angalau mpaka kitovu kikatike, na wengine mpaka siku 40 zitimie. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya uchunguzi kati ya Wanyakyusa baina ya mwaka 1934 na 1938, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya mila za jamaa kwamba kuzaliwa kwa mapacha kulihesabiwa kuwa jambo la hatari kwa ukoo, na wazazi wao walitengwa mpaka taratibu zote zimalizike. Watoto wa namna hiyo hawakuweza kutolewa nje kwa ajili ya kamera. Mwanga wa ndani ulikuwa ule wa moto, wa koroboi, wa chemli, na kwa wenye uwezo wa karabai. Majina mawili ya mwisho, kwa njia ya mchepuko, yanastahili kutazamwa: chemli yatokana na neno la Kiingereza la dohani, na karabai na lile la kabidi, dawa iliyotoa gesi ya taa za zamani, jina likabaki hata taa ilipogeuka kuwa ya mafuta ya taa yenye pampu. Kiswahili kilizipokea taa kwa majina ya sehemu zake, kabla hakijapata neno la kupimia mwanga wake.

Kamera ya boksi, kama ile ya Brownie iliyotolewa na Kodak mwaka 1900, iliwafikia watu wa kawaida kwa sababu haikuhitaji elimu. Kilango chake kilifunguka kwa muda mmoja tu, na tundu lake la lenzi lilikuwa dogo. Ilitengenezwa kwa jua la nje. Baina ya jua la adhuhuri na mwanga ulio katikati ya chumba chenye dirisha dogo tofauti yaweza kuwa mara 100, tena mara 1,000, na hapana bahati ya mpiga picha iwezayo kuziba pengo hilo. Hivyo kichanga alitolewa nje. Jua la Mbeya na Iringa hupita utosini mwezi wa Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Likiwa juu hivyo, mashimo ya macho hujaa kivuli na paji la uso hung'aa kama bati. Mtoto hukunja uso na kulia. Nyingi za picha zinazoitwa za mtoto mchanga katika majalada ya familia kwa kweli ni za mtoto wa miezi 3 au 4, aliyekwisha kuweza kuvumilia safari ya mjini na kukalishwa mapajani mwa mama. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, na studio zilifuata maduka. Kule pwani kazi hii ilikuwa na umri mkubwa zaidi; studio ya Capital Art ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilizikuta nyingine zilizotangulia.

Hapa yafaa kuyatazama maneno kwa makini. Kitenzi cha kazi hii ni kupiga, na wengi wasio Waswahili hukishangaa. Lakini kupiga picha kumeingia katika ukoo mkubwa: kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga mhuri, kupiga simu, kupiga taipu. Ukoo huu hupokea vyombo vigeni kwa ukarimu, na maana yake haikuwa kuumiza bali kukitumia chombo kwa tendo moja la ghafula. Nomino ndiyo iliyosita. Sanamu, sura na taswira yalibeba mzigo wa picha kabla ya neno la Kiingereza kuyashinda. Taswira likapanda daraja likaingia katika uhakiki wa fasihi, na sanamu likabaki kwa vitu vya kuchonga. Katika vita hivi picha lilishinda kwa sababu halikuwa na maana nyingine. Halikubeba kinyago wala dhana ya ushairi.

Maneno mawili ya chumba cha giza yana uzito zaidi. La kwanza ni kuungua. Filamu iliyopata mwanga kupita kiasi, au iliyoharibika kwa namna yo yote, ilisemwa kuwa imeungua. Kama kutoka, kuungua ni kitenzi kisichomtaja aliyetenda. Filamu iliungua kama wali uungavyo ulipoachwa motoni, na aliyeuacha hatajwi. Jambo la ajabu ni kwamba Kiswahili cha studio kilipata neno la mwanga uliozidi, walakini hakikupata neno lenye nguvu sawa kwa mwanga uliopungua. Mwanga ukizidi, filamu imeungua. Mwanga ukipungua, mtoto hakutoka. Kosa la kwanza liliwekwa juu ya filamu, na la pili juu ya uso. Kwa kuwa kosa la pili ndilo lililokuwa likiwapata zaidi watoto weusi waliofungwa nguo nyeupe, mgawanyo huu wa lawama hauwezi kupitwa kimya. Neno la pili ni kusafisha, nalo litarudiwa baadaye.

Kwa nini mwanga ulipungua mahali pale pale, usoni? Kipima mwanga, kile cha mkononi na kile kilicho ndani ya kamera, hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni rangi ya kijivu inayorudisha yapata asilimia 18 ya mwanga. Shali jeupe la mtoto hurudisha asilimia 80 au zaidi. Uso wa kahawia nzito hurudisha asilimia 10, pengine chini ya hapo. Basi baina ya nguo na uso pana tofauti ya mara 8. Kipima mwanga kikitazama shali kwa wingi, huliona kuwa limezidi, nacho hupunguza mwanga mpaka shali lawa la kijivu. Uso, uliokuwa tayari chini, huzama. Mtoto wa Kizungu mwenye ngozi ya kurudisha asilimia 35 katika shali lile lile huteremka pia, lakini hafiki gizani. Hata mafundisho mazuri ya wakati huo, kama ule mfumo wa kanda za mwanga uliotungwa na Ansel Adams na Fred Archer mnamo mwaka 1940, yalichukua ngozi nyeupe kuwa kigezo na kuiweka ngazi moja juu ya kijivu. Mwenye ngozi nyingine alipaswa kujihesabia mwenyewe.

Dawa ya maradhi haya ni nyepesi mno kwa aijuaye: kupima usoni. Mpiga picha husogeza kipima mwanga mpaka uso uwe peke yake mbele yake, kisha hupunguza ngazi moja ili ngozi isigeuke kijivu cha majivu. Au hupima kijivu cha kadi, au kiganja chake, kwa hesabu aijuayo. Na mzazi hushauriwa kumfunika mtoto kitenge au blanketi ya rangi ya wastani badala ya shali jeupe. Kanga yenye mandharinyuma ya kahawia au ya kijani hupunguza ile tofauti ya mara 8 ikawa mara 2 au 3, na filamu ya kawaida hulibeba pengo hilo bila taabu. Lakini filamu ya 120 ilikuwa na picha 12 tu katika kamera ya mraba, na katika miaka ya upungufu wa bidhaa mwishoni mwa 1970 na katika 1980 filamu yenyewe ilipatikana kwa shida. Mtoto alipata picha 1. Nafasi ya kujaribu kipimo cha pili haikuwapo.

Rangi ilipokuja, kigezo kikawa na jina. Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, aliyejulikana kwa jina la Shirley, ili walinganishe naye mashine zao: ngozi yake ikitoka sawasawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawasawa. Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, ameonyesha kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka mbao na peremende zao zionekane kwa tofauti zake. Wazazi wa watoto weusi walikuwa wateja wa siku nyingi, ila hawakuwa wameungana kama maseremala. Mashine za kusafisha picha kwa saa moja zilipoenea mijini, nazo zilitafuta wastani wa negativu nzima, kama kipima mwanga. Negativu yenye shali kubwa jeupe ilichapwa kwa kutiwa giza zaidi, hata kosa la kamera likafanywa mara ya pili na mashine.

Kamera za tarakimu na simu zimeondoa hesabu ya picha 12. Kichanga wa leo wa Mbeya au Iringa hupigwa picha nyingi kabla hajafunikwa vizuri. Kazi iliyo bora zaidi hufanywa kando ya dirisha, asubuhi jua likiisha kupanda, mtoto akilazwa ili mwanga umjie kwa ubavu kutoka upande wa kichwa na kushuka; ukimjia kutoka miguuni hutia vivuli vya kutisha juu ya pua na macho. Kitambaa cheupe, ambacho ni adui kikimzunguka mtoto, huwa rafiki kikiwekwa upande wa pili wa dirisha ili kirudishe mwanga katika shavu lenye kivuli. Taa ya umeme huzimwa, kwa sababu mwanga wake ni wa manjano na ule wa dirisha ni wa buluu, na nusu mbili za uso mmoja hutoka rangi mbili. Flashi ya kuelekezwa usoni humshtua mtoto, nayo hufuta umbo la uso. Ikielekezwa darini hufaa zaidi. Shirika la Afya Duniani hutaka chumba cha uzazi kisipungue nyuzi 25, na jambo hili linapasa kutangulia kila jingine katika Julai ya Mbeya: mtoto asivuliwe nguo kwa ajili ya picha katika chumba ambacho mpiga picha mwenyewe amevaa koti. Kalenda za Anne Geddes, ambaye kitabu chake cha watoto na maua cha mwaka 1996 kilienea duniani, zimeigwa pasipo kujua kwamba mikao migumu ya namna hiyo mara nyingi huwa ni picha 2 zilizounganishwa, na katika kila moja mkono wa mtu mzima ulimshika mtoto kabla haujafutwa.

Kuhusu kufuta, lile neno la pili larudi. Katika siku za filamu, kusafisha picha kulikuwa ni kuitia katika dawa mpaka sura iliyojificha ionekane. Neno lilichaguliwa kwa sababu ya maji na beseni. Hapakuwa na uchafu uliokusudiwa. Beseni limekwisha ondoka, lakini neno halikuondoka. Limehamia katika kazi ya kurekebisha picha katika kompyuta na simu, na huko limekutana tena na maana yake ya asili. Mteja asemapo sasa kwamba mtoto asafishwe kidogo, hakuna dawa ya kumtokeza. Kinachosafishwa ni ngozi, na katika programu nyingi za simu kusafisha ngozi ni kuifanya laini na nyeupe kwa kubonyeza mara moja. Kiswahili kina kuchubua na mkorogo kwa wale wafanyao hivyo miilini mwao, na maneno hayo yana lawama ndani yake. Kusafisha halina lawama yo yote. Hivyo mtoto wa siku 5 aweza kuchubuliwa katika picha chini ya jina jema, na bibi yake aliye kijijini Ilula au Tukuyu akapokea mjukuu asiye na rangi ya ukoo. Inaongezea utata kwamba watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na rangi nyepesi kuliko itakayokuwa yao baada ya wiki kadhaa, na wazee hutazama masikio na ncha za vidole ili kuibashiri. Picha iliyosafishwa huifuta alama hiyo pia.

Zaidi ya sura liko jambo la uhai. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, Tanzania ilipoteza watoto 24 katika kila 1,000 waliozaliwa hai kabla hawajatimiza mwezi mmoja. Kwa baadhi ya familia picha ya siku ya pili ndiyo picha ya pekee, na hapo swali la kutoka au kutotoka si la urembo. Tena, yapata watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa miezi kamili hupata umanjano katika wiki ya kwanza. Kwa wengi hupita wenyewe; kwa wachache huwa ni hatari kwa ubongo, na katika ngozi nyeusi hutafutwa katika weupe wa macho na katika ufizi. Mafunzo ya kurekebisha picha za watoto wachanga hufundisha, miongoni mwa hatua za mwanzo, kupunguza manjano na wekundu. Mpiga picha afanyaye hivyo hana nia mbaya, kwa kuwa taa ya nyumba nayo hutia manjano isiyo ya mtoto, na macho yake hayawezi kutenga manjano ya taa na manjano ya damu. Ndiyo sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, walioeleza mwaka 2014 programu ya simu iitwayo BiliCam ya kukadiria umanjano kwa picha, waliweka juu ya mtoto kadi yenye rangi zijulikanazo, ili mwanga wa chumba upimwe kwanza na kutolewa katika hesabu, kisha ngozi ihukumiwe. Katika studio kadi ya kijivu hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa gharama ndogo, ikilazwa kando ya mtoto katika picha ya kwanza na kuondolewa katika zifuatazo. Nayo picha hiyo ya kwanza huhifadhiwa kama ilivyo, bila kusafishwa.